Hali ya Bwana Mwangwi

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi ya lifti inakwenda, ila baridi ya kwenye mashimo ya lifti imenipa kikohozi. Wiki iliyopita nilikwama katikati ya ghorofa mbili pamoja na mama mmoja aliyenigombeza mpaka tukatoka, utadhani lifti nimeizaa mimi. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Shemeji hajambo? Na mpwa wangu, shule vipi? Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana. Kwenye karatasi angalau unanisikiliza mpaka mwisho.

Sasa kilichonishikisha kalamu. Lile sanduku la bati la marehemu Baba, lenye vitabu vya katuni vilivyokuwa kwenye benchi la wateja wa kunyolewa, bado lipo chini ya kitanda cha Mama? Nakitaka kimoja tu. Bwana Mwangwi, toleo la kwanza kabisa, lile ambalo jaladani shujaa anapiga ukelele mpaka ukuta unapasuka, na Profesa Pamba kajificha nyuma ya marobota yake.

Siku hizi nakusanya katuni za zamani, usicheke. Kila Jumamosi naenda kwa mzee mmoja mwenye duka la vitu hivyo. Kabla hajagusa kitabu anavaa glavu kama anataka kupasua mtu. Nimejifunza kwake kwamba hali ndiyo kila kitu. Kitabu kikiwa kama kilivyotoka mtamboni, watu wanakigombania. Kitabu kilekile, kona zikikunjika, mgongo ukipasuka, pini zikishika kutu, kinatupwa kwenye kapu la mlangoni. Wanakipa alama, kuanzia kumi kushuka mpaka nusu.

Naomba uniandikie hali yake kinaganaga. Mikono ikauke kwanza, na tafadhali usilambe kidole ukifungua kurasa. Nakujua.

Mdogo wako,
Panki

27 Februari

Panki,

Marahaba. Na nakupongeza kwa kuendelea kujiita kwa mtindo wa nywele uliomlilia Baba ukiwa darasa la pili, wakati sasa kichwa kizima ni kipara.

Sisi hatujambo. Mama anasingizia mvua kwa magoti yake, lakini juzi nilimkuta juu ya kiti anafuta buibui darini. Shemeji yako anakusalimu. Mpwa wako amefaulu hesabu, sijui karithi wapi. Mimi nipo na ukarani wangu wa shule. Mitihani imekaribia, na mwalimu mkuu ananiletea karatasi zenye makosa yake nisafishe yaonekane si yake.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika "Dada, hali yako?" Sijapaona. Magoti umeyauliza, shemeji umemuuliza, mtoto umemuuliza. Mimi nimeambiwa nisilambe kidole.

Sanduku lipo. Vitabu vingine mchwa walishavimaliza, kimebaki hicho hicho unachokitaka. Haya, hali. Jalada lina mafuta ya nywele kwenye kona ya chini, pale kila mteja aliposhika. Mgongo unashikilia kwa rehema za Mungu. Pini zina kutu. Kwenye mikunjo kuna nywele, Panki, nywele za watu ambao wengine tumeshawazika. Nilizipuliza zikanirudia machoni.

Na wino wa Baba umejaa kila kiputo cha maneno, au umesahau? Wateja hawakuijua lugha ya vitabu vile. Yeye alikuwa na maneno yake ya kuokoteza tangu alipobeba mizigo hotelini, basi akawa anayakata ya kigeni kwa mstari na kubananisha ya kwetu pembeni. Tafsiri gani ile! Mpaka leo naamini mengi aliyatunga mwenyewe. Nimefungua pale Bwana Mwangwi anapomkaba Profesa Pamba, Baba kamwandikia, "Tulia, ukitikisa kichwa nitakukata sikio." Nilicheka peke yangu chumbani mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini. Nikamsomea. Hakucheka. Alikaa kitandani akasema, "Soma tena."

Nina swali moja, na nataka jibu la neno moja. Unataka kukiuza?

Dada yako

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Hali yako? Haya, nimeuliza. Kikohozi kimepungua, ahsante kwa kutonipa pole.

Nimemweleza mzee wa duka maelezo yako yote. Mafuta ya nywele anasema yanavumilika. Kutu ya pini inapunguza alama, lakini kuzing'oa na kuweka mpya ni kosa kubwa zaidi. Mgongo nao unapunguza. Mwenye kitabu akiandika jina lake kwa herufi ndogo juu ya jalada, wengine wanasamehe. Ila wino ndani, tena kwenye kila kiputo, hiyo ndiyo kasoro kubwa kuliko zote. Alivua miwani nilipomwambia. Anasema kitabu cha namna hiyo ni nusu, labda moja siku akiamka na huruma. Akaniuliza kama aliyefanya hivyo alikuwa na chuki na kitabu. Nilinyamaza.

Sasa naomba maelezo zaidi kuhusu hiyo kasoro. Wino ni wa bluu au mweusi? Umefifia? Maandishi yanasomeka yote au kuna yaliyokwanguka? Pale wino ulipogusa mafuta, herufi zimetawanyika? Kuwa makini, kwa sababu wewe ukisema "yapo" hujaniambia kitu. Mambo haya yana utaalamu wake.

Habari ya kuuza tuiweke kando kwanza. Niambie maandishi.

Mdogo wako,
Panki

15 Aprili

Panki,

Nilikuomba neno moja, ukaniletea mzee wa duka na miwani yake.

Hali yangu ni hii, kwa kuwa safari hii umeuliza. Mgongo unauma kwa kukaa mbele ya mashine ya kuchapa, kona zimekunjika, na jalada limeanza kupauka. Mwambie mtaalamu wako anipe alama. Mama hajambo, ila halali vizuri. Wengine wote wazima, wanakula.

Eti Baba alikuwa na chuki na kitabu! Nawe ukanyamaza! Ningekuwa mimi ningemvua hizo glavu palepale dukani. Mtu aliyekuwa akikesha na kalamu ili fundi viatu na muuza mkaa nao wacheke wakingoja zamu, leo anaitwa mwenye chuki, na mwanawe mwenyewe kaufyata. Inaniuma, sikufichi. Nimeihesabia barua yako: neno lililorudi rudi humo ni "kasoro". Tangu uondoke, kila kinachotoka kwetu kwako kina kasoro. Mashati aliyokushonea shemeji yako yalikuwa na kasoro ya kola. Sasa mwandiko wa Baba.

Nilimwambia Mama, "Mwanao anataka kitabu kisicho na mwandiko wa mumeo." Alikunja kanga yake magotini. Halafu akasema, "Alikuwa baba yake pia. Mpe anavyotaka."

Basi utapata unavyotaka. Kazi yangu ni ipi miaka yote hii, kama si kusafisha makosa ya watu kwenye karatasi? Na usiniandikie tena kuniuliza bluu au nyeusi.

Dada yako

8 Mei

Dada,

Salamu baadaye. "Utapata unavyotaka" ndiyo nini? Unataka kufanya nini? Usisafishe kitu! Usiguse! Hata hizo nywele ziache hapo hapo zilipo. Nimepiga simu tangu jana, inaita mpaka inakata. Najua umeninunia, ninunie tu, lakini pokea.

Siuzi. Sikuwahi kutaka kuuza. Ulivyoniuliza nilipata hasira kwamba umeniona mtu wa kuuza kitu cha Baba, nikaamua kukukomoa nisikujibu. Ndivyo tulivyo sisi.

Ukweli ni kwamba sina mwandiko wake. Nimepekua kila mfuko na kila bahasha, sina hata mstari mmoja. Baba hakuwahi kuniandikia barua. Alikuwa akikwambia wewe, "Mwambie Panki hivi, mwambie Panki vile," nawe unaandika. Barua zote za Baba nilizonazo ni za mkono wako. Hata kibao cha duka aliandikiwa na fundi rangi. Alipoandika kwa mkono wake ni humo tu, kwenye midomo ya wale watu wenye chupi juu ya suruali.

Siku ya kwanza niliingia kwa yule mzee kukimbia mvua. Nikamwona Bwana Mwangwi ukutani, ndani ya plastiki, alama tisa. Nikaomba nifunguliwe. Kona kali, karatasi nyeupe, hakuna nywele hata moja. Na kila kiputo kilikuwa na maneno ya watu wengine. Dada, ilikuwa kama nimerudi nyumbani nikakuta wapangaji.

Niliona haya kukuandikia hivyo. Nikakimbilia pini na kona, kwa sababu ukizungumza hali ya kitabu hakuna anayekuuliza hali yako. Niliposema niambie kama yanasomeka, nilikuwa na hofu kwamba hayasomeki. Basi.

Kiache kama kilivyo. Nakusihi.

Panki

10 Mei

Panki,

Hatujambo sote. Mpwa wako ana mafua.

Kitabu nimekituma leo kwa posta, kifurushi cha kuandikishwa, kwa hiyo usije ukasema kimepotea kwa uzembe wangu. Nimetumia wino mweupe wa kufutia, ule ule wa ofisini, ila chupa nimenunua mwenyewe. Nimekwenda kiputo kwa kiputo kwa brashi ndogo, tabaka mbili, kila ukurasa nikaupuliza ukauke kabla sijafunua mwingine. Nilikigeuza kitabu juu chini ili nisisome. Ningesoma ningeacha. Pini za kutu nimezitoa nikaweka mpya, sitaki kusikia mzee wako anasema nini. Kona nimezipiga pasi juu ya kitambaa. Nywele nimezikung'uta zote.

Mama alitoka akakaa nje mpaka nilipomaliza, na chakula cha jioni akasema ameshiba.

Simu yako niliiona ikiita. Nilikuwa na brashi mkononi, na sikuwa na hamu ya kusikia habari za kona. Sasa ni cheupe pe, hakuna kasoro. Avae glavu zake.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Kimefika. Naona barua yangu ilipishana nacho njiani.

Nimekiweka dirishani juani. Nimekishika mbele ya taa. Nimeazima kioo cha kukuzia. Hakuna kitu. Kazi yako ni safi, sijapata kuona kazi safi namna hii, na laiti mara moja tu maishani ungekuwa mvivu! Nilimpelekea mzee, akajaribu kukwangua pembe ya kiputo kimoja kwa ukucha, karatasi ikatoka pamoja na weupe. Akaacha. Anasema hana alama ya kukipa kitu kama hiki. Wino wa kufutia, pini mpya, pasi: kila alichowahi kukataza kimo.

Nimekukasirikia wewe siku nzima. Kazini nimefunga nyaya za lifti kinyume, ukibonyeza juu inashuka. Usiku nikajikasirikia mimi, lakini wewe bado sijamaliza. Kwa nini hukupokea simu? Na mimi kwa nini nilingoja mpaka Mei?

Bwana Mwangwi kafungua mdomo kurasa zote na hakuna kinachotoka. Sijui niandike nini tena. Mama usimwambie.

Panki

25 Juni

Panki,

Mama nimemwambia. Wewe na siri zako ndio mmetufikisha hapa.

Barua yako ya Mei niliifungulia palepale posta, nimesimama. Nilipofika kwenye wapangaji nikakaa chini kwenye ngazi, watu wakawa wananiruka. Mpumbavu wewe! Neno moja, Panki! "Siuzi." Lingekugharimu nini? Ungeliandika hata nyuma ya bahasha! Na mpumbavu mimi, mwanamke mzima, nimeona simu inaita nikaipa mgongo. Nimelia mpaka mpwa wako akaenda kumwita baba yake. Namwona Baba kila nikifumba macho, ameinama na ile kalamu, na mimi ndiye niliyekwenda kumfunga mdomo, tabaka mbili, nikapuliza na kupuliza.

Nikamwambia Mama, maji yakimwagika hayazoleki. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyekojoa kitandani. "Kwani kisima kimekwenda wapi?" akasema. "Nani alikuwa anakisoma kile kitabu kwa sauti, duka likijaa? Si wewe? Na mimi na ufagio wangu nilikuwa kiziwi?"

Basi chukua kalamu. Ya bluu. Ilikuwa bluu, sasa nimekujibu. Kaa mezani, fungua ukurasa wa kwanza, andika juu ya huo weupe, na usikandamize.

Mji umelala: "Leo duka limefungwa, njoo kesho."

Profesa Pamba akitoka kwenye moshi: "Nani hapa bado ana masikio?"

Bwana Mwangwi juu ya paa: "Ninayo mawili, yote yamekusikia."

Yule mama anayekimbia na mtoto. Mimi nasema ni, "Jamani, na nguo zangu ziko kambani!" Mama anasema ni, "Jamani, huyu hajala tangu asubuhi!" Tumebishana mpaka chai ikapoa. Andika yote mawili, ubane herufi.

Polisi mnene: "Foleni, foleni, kila mtu atanyolewa."

Pale pa kukabana unapajua, nilishakuandikia. Kinachofuata, Profesa Pamba yuko chini: "Kumbe una wembe mpya!" Kisha marobota yanalipuka, na hapo Baba hakuandika maneno, aliandika tu "PUUU", herufi kubwa, mpaka nje ya kiputo.

Profesa Pamba amefungwa kamba, anapelekwa: "Mimi nilitaka kupunguziwa pembeni tu."

Hicho kilimchekesha Mama mpaka akashika mbavu. Ni mara ya kwanza tangu msiba, Panki. Nimemwona meno.

Kimebaki kimoja, cha mwisho kabisa. Bwana Mwangwi amesimama mbele ya mji mzima, amenyoosha mkono. Hatukikumbuki. Mama alifumba macho muda mrefu nikadhani amelala, akafumbua, akatikisa kichwa. Jioni mimi na yeye tulikuwa tunatangulia nyumbani kuwasha jiko, kitabu sikuwahi kukimaliza. Wewe ndiye uliyekuwa ukibaki. Kama nawe hukumbuki, kiache cheupe, tutazoea.

Na uniandikie hali. Yako.

Dada yako

18 Julai

Dada,

Shikamoo, na kwa Mama pia. Hali yangu: macho yamevimba, kalamu imevuja, na shati la kazi limekwisha. Lakini nimejaza vyote, mpaka ile "PUUU". Mwandiko wangu mbaya, na wino wa bluu haukai sawasawa juu ya huo weupe wako, unateleza, ikabidi nirudie herufi moja mara tatu nikikulaani. Ya yule mama anayekimbia nimeyaandika yote mawili, ingawa ya nguo kambani ndiyo ya Baba, Mama anisamehe.

Cha mwisho nakikumbuka. Mtoto wa kinyozi ananyolewa wateja wakishaisha. Nyinyi mmeshaondoka, nami nimekaa peke yangu kwenye lile benchi na kitabu, nasinzia. Baba alikuwa akimaliza mteja wa mwisho, anakung'uta shuka, anageuka, analitazama benchi zima kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, kama limejaa watu, kisha anaita kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Siku moja alinichukulia kitabu mkononi, akakiandika hicho kiputo palepale akiwa amesimama, akanirudishia, akanipandisha kitini.

Kwa hiyo Bwana Mwangwi amesimama mbele ya mji mzima, amenyoosha mkono, anasema:

"Haya, anayefuata!"

Mdogo wako,
Panki